Kilomita Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza leo. Nimefika kazini nimelowa chapachapa, na msimamizi wa dobi akaniuliza kama nimekuja kufua au kufuliwa. Nikacheka, kwa sababu yeye ndiye anayepanga zamu.

Shajara hii naianza kwa amri ya Posta. Posta ni mzee aliyestaafu kazi ya kupeleka barua. Amekimbia maisha yake yote, na sasa magoti yamemgomea, ananifuata kwa baiskeli akinikaripia. Anasema mkimbiaji asiyeandika hujidanganya. Haya, naandika. Mimi ni dobi wa hospitali, nina miaka arobaini na minne, na Jumamosi ya mwisho ya Aprili nitakimbia kilomita mia moja kwa siku moja. Nimeshatamka mbele za watu, domo langu hili, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Sababu ni nyumba moja nyuma ya soko. Tunaiita Bweni. Ina vyumba viwili vikubwa na korido, na humo hulala watu wasio na makao, wanaume chumba cha mbele, wanawake cha nyuma. Mwenye nyumba anaiuza. Amempa Mama Bweni, mwanamke anayeiendesha, mpaka mwisho wa Aprili alete malipo ya kwanza. Asipoleta, kuna muuza fanicha anaisubiri kwa hamu, na watu wote watatolewa nje katikati ya masika. Mmoja wao ni mdogo wangu, na kifua chake hakiwezi kulala nje mvua hizi.

Jumapili, 10 Machi

Mama Bweni ana akili ya biashara, angezaliwa penye mtaji angekuwa na meli. Ameamua kuuza kilomita. Kila kilomita ya safari yangu itakuwa na mwenyewe. Unalipa, unapewa namba, na ukitaka unataja mtu unayemkumbuka. Nikiikimbia kilomita yako, pesa zinaingia Bweni. Nikiishia njiani, wenye kilomita nilizoziacha wanarudishiwa chao.

"Kwa nini warudishiwe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hawakuamini, mama. Umewahi kujiangalia ukikimbia?"

Nilimwangalia kwa jicho baya, lakini binti yangu alikuwa ameshaanguka kwa kicheko.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mashuka. Kilomita ishirini. Goti.

Jumanne, 19 Machi

Tumetengeneza bango. Mama Bweni alisema bango la mwanamke anayekimbia halimgusi mtu, watu wanataka kuona anakimbilia nini. Binti yangu alikuwa na picha kwenye simu. Mjomba wake amelala kwenye benchi la korido pale Bweni, mdomo wazi, mkono umening'inia. Picha nzuri, ya kuumiza roho. Nikasema sawa, itumieni. Uso nusu umefunikwa na kofia, nani atamjua?

Mdogo wangu hakuwepo. Alikuwa ametoka kutafuta kibarua.

Jumamosi, 23 Machi

Kilomita zinauzika jamani! Bango limebandikwa sokoni, hospitalini, kituo cha mabasi, na simu ya Mama Bweni haipumziki. Lakini kuna kitu kinanikera. Watu wote wanataka za mwanzo. Ya kwanza ilipata wanunuzi wanne wakagombana. Thelathini za kwanza zimekwisha. Muuza dawa pale hospitalini alinunua ya nane, nikamwambia, "Mbona usichukue ya tisini?" Akacheka meno yote nje. "Dada, mimi pesa zangu nataka zifike."

Yaani ananichangia huku moyoni ameshanizika.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimesemwa na mdogo wangu maneno ambayo sijawahi kusemwa na mtu.

Nilipitia Bweni jioni baada ya zamu. Nikamkuta anakunja nguo zake kwenye mfuko wa saruji, taratibu, kila shati pande nne. Wenzake wanajifanya wanatafuta vitu chini ya vitanda.

"Unakwenda wapi?"

Akatoa sarafu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Unajua nani kanipa hii? Fundi mmoja pale kwenye ghorofa linalojengwa. Nilikwenda kuomba kazi. Nilimfundisha mimi yule kushika mwiko, dada. Mimi. Alikuwa hajui hata kupima kona. Leo ananiambia kazi hakuna, lakini kaona picha yangu kituoni, kaninunulia kilomita. Halafu kaniongezea hii ya chai. Mbele ya vibarua."

Nikasema uso haukuonekana. Nikasema ni kwa ajili ya nyumba. Nikasema na mengine, kila moja bovu kuliko lililotangulia.

"Uliniuliza?" akasema. "Neno moja tu. Uliniuliza?"

"Nilijua utakataa."

Ndivyo nilivyosema. Ulimi wangu uliitangulia akili. Akatingisha kichwa, akabeba mfuko wake.

"Mimi nililala pale kwa sababu nilikuwa na usingizi. Sikulala ili niuzwe."

Akatoka. Mvua ilikuwa inamwagika. Nilimfuata mpaka kona, nikimwita kama mwendawazimu, na hakugeuka. Sasa nimekaa kitandani kwangu, binti amelala, na sijui nilichokuwa nakitetea.

Kwangu hawezi kuja. Nina chumba kimoja, nalala na binti wa miaka kumi na tisa. Mwaka jana, kazi ya ujenzi ilipokatika, na baada ya kazi kodi, na baada ya kodi mkewe akarudi kwao, mdogo wangu alikaa kwangu wiki moja tu. Alisema mjomba halali chumba kimoja na mpwa wake mkubwa, hata kwa pazia. Sikumbishia.

Jumanne, 2 Aprili

Binti yangu kamwona. Analala kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, kona mbili kutoka Bweni, pale penye paa la kuvuja. Nikaenda na blanketi. Aliponiona aligeukia ukutani. Nikaliweka blanketi miguuni pake. Nimerudi asubuhi nikipita kwenda kazini, limekunjwa pande nne, limewekwa mlangoni mwa duka, kavu. Hakuligusa.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua usiku kucha. Sikulala.

Jumapili, 7 Aprili

Posta alinipangia kilomita hamsini leo. Nilikimbia kumi, halafu nikamwambia baiskeli yake ina kapu la kutosha, anifuate. Nikaanza kubandua mabango. Moja baada ya jingine, sokoni, kituoni, kwenye ukuta wa shule, kwenye kioo cha kinyozi. Mengine yalikuwa yamelowa yakatoka vipande, uso wa mdogo wangu ukabaki nusu ukutani na nusu kwenye kucha zangu. Ilibidi nikwangue.

Posta hakuuliza. Mzee anayejua kunikaripia nikinywa maji kwa pupa, leo alikaa kimya saa tatu nzima. Mwishoni akasema, "Bibie, Mama Bweni atakuchinja."

"Achinje."

Jumatatu, 8 Aprili

Kanichinja.

Alikuja mpaka chumba cha kufulia, akasimama katikati ya mashine zinazonguruma, akapiga kelele kuzishinda. Tangu jana nilipobandua mabango hakuna kilomita iliyouzwa. Kuanzia themanini na moja mpaka mia hazina mwenyewe, na bila hizo malipo hayafiki, hata nikiruka kama ndege.

"Wewe unamlilia ndugu mmoja," akasema. "Mimi nina watu mle ndani. Kuna bibi mgonjwa wa miguu. Kuna binti mwenye mimba. Nao ni ndugu wa nani?"

Nikaendelea kupakia mashuka. Alipoondoka msimamizi akaniletea kikombe cha chai na hakutania.

Nimekuwa nikimwona Mama Bweni kuwa mwanamke wa pesa tu. Leo aliponipigia kelele nimeona kope zake zimevimba. Yeye naye hajalala.

Alhamisi, 11 Aprili

Kucha ya kidole gumba imetoka. Posta anasema hongera, sasa mimi ni mkimbiaji. Mzee huyu ana wazimu.

Jumanne, 16 Aprili

Nimepita barazani tena. Sikusimama karibu, nilijifanya nasubiri gari ng'ambo. Anakohoa. Kikohozi kile nakijua, kinaanzia tumboni na kinamkunja. Ni vumbi la vigae la miaka yote ile, na sasa baridi. Mwenye duka anamwacha kwa sababu kila asubuhi anamfagilia baraza kabla hajafungua. Halipwi. Nilimwona na ufagio, anafagia kwenye kona kwanza, kisha anarudi kati, ndivyo mafundi wanavyofanya kabla ya kupanga kigae.

Nilivuka barabara.

"Nimeyatoa mabango," nikasema.

"Nimeona."

"Basi rudi."

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha, "kila ninapopita watu bado wananitazama kama yule wa kwenye picha. Nikirudi pale ndani nitakuwa yeye kweli. Kimbia mbio zako. Usinikimbilie mimi."

Jumamosi, 20 Aprili

Zimebaki siku saba. Kilomita ishirini bado hazina mwenyewe. Mama Bweni amezunguka mlango kwa mlango bila bango, anaongea tu, na amerudi na sauti imekauka. Watu wanamwambia hizo za mwisho ni za kutupa. Hakuna anayeamini nitafika huko, na leo, nikiwa nimelala chali na barafu gotini, hata mimi siamini.

Jumatano, 24 Aprili

Mwenye nyumba amekuja na fundi kupima upana wa mlango wa Bweni, ili makochi ya muuza fanicha yapite. Wamepima huku watu wakinywa uji.

Ijumaa, 26 Aprili

Kesho. Binti kaniandalia nguo kwenye kiti. Naogopa, basi. Sina la kujipamba nalo.

Jumatatu, 29 Aprili

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo vidole vinakubali, miguu bado.

Tulianza saa kumi alfajiri kutoka mlango wa Bweni. Wakazi wote walitoka, wengine na mablanketi mabegani. Njia ni rahisi, barabara kuu mpaka jiwe la kilomita hamsini, unageuka, unarudi. Nilitakiwa niwe mlangoni kabla ya saa mbili usiku, ndiyo saa tuliyowaahidi wenye kilomita. Posta nyuma na baiskeli, ana maji, chumvi, viazi vya kuchemsha na simu kifuani ndani ya mfuko wa nailoni.

Hamsini za kwanza sina la kusimulia. Nilikuwa mzuri, nikajisikia. Posta alinionya, "Bibie, usijione," nikajiona.

Tulipogeuka mvua ikaja. Si mvua ya kawaida, ile inayopiga uso mpaka unafumba macho. Kwenye kilomita ya sitini na kitu tulikuta maji yamepita juu ya daraja. Magari yamesimama pande zote, watu wamekaa ndani wakitutazama. Polisi akanyoosha mkono, hakuna kupita. Nikamweleza. Akasema hata angekuwa mama yake asingepita. Saa ikawa inakwenda. Nilitembea huku na huku kwenye lami, miguu inaanza kukaza, na nikaanza kulia waziwazi, kwikwi kabisa, bila aibu.

Dereva wa lori akashusha kioo. "Huyu si yule wa kilomita?" Akashuka na kamba yake ya kufungia mizigo. Akaifunga kwenye lori, akairusha, na dereva mwenzake ng'ambo akaipokea, na polisi akageuka kutazama mlima kana kwamba mlima umemwita. Tulivuka tumeshika kamba, maji magotini, Posta na baiskeli kichwani akitukana kwa lugha ambayo sikujua mtu wa posta anaijua.

Dereva akauliza, "Ipi haina mwenyewe?"

"Kuanzia themanini na moja."

"Basi nipe hiyo." Akalipa pale pale, kwa simu.

Kufika sabini nilikuwa natapika. Viazi, maji, kila kitu. Kwenye sabini na nne nilikaa chini, nikamwambia Posta imetosha. Nilikuwa nasema kweli. Sikutaka kubembelezwa. Yeye akaweka baiskeli chini, akakaa matopeni kando yangu, akatoa simu, akaweka sauti kubwa.

Alikuwa Mama Bweni. Sauti imekwisha kabisa, mnong'ono mtupu. "Mwambieni kwamba yule dereva kaweka habari mtandaoni. Watu wanapiga. Themanini na mbili ina mtu. Themanini na tatu na nne, wauguzi wa hospitali. Yule muuza dawa kapiga, anataka ya tisini. Mwambieni asisimame, jamani, mwambieni wanauliza yuko wapi."

"Nimekaa chini," nikasema.

Kisha akasema, "Basi kaa kidogo, mama. Halafu inuka."

Nikainuka. Sijui kwa nguvu zipi. Kuanzia hapo sikukimbia, nilikokota. Kila baada ya muda Posta anatangaza kilomita na mwenyewe, kama zamani alivyokuwa akisoma bahasha. Hii ya mjane fulani. Hii ya wafua nguo wa hospitali, wenzangu wale, wamechanga. Hii ya mtu aliyesema tu, ni kwa ajili ya baba yangu aliyefia stendi. Ile nilijitahidi kuikimbia vizuri. Tulipoingia mjini giza limeshuka na zote mia zilikuwa na watu.

Kilomita ya mwisho inapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilijua. Mdogo wangu alikuwa amesimama barazani, mfuko wa saruji begani, mkono ukutani. Hakunipungia. Nilimwona anakohoa, amekunjika kabisa, na mguu wangu ukapunguza wenyewe.

"Usisimame!" Posta akafoka. "Ukisimama hapo hutoki!"

Nikampita. Nimpite mgonjwa wangu barazani ili nikawahi mlango! Nilikuwa nakimbia huku najilaani kwa sauti.

Nilifika dakika chache kabla ya saa mbili. Vigelegele, sufuria zinapigwa, bibi mgonjwa wa miguu anacheza ameketi. Mama Bweni alinikumbatia na hakuweza kusema kitu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba hana sauti. Mwenye nyumba alikuwepo pia, amesimama pembeni na mwavuli. Alimpa Mama Bweni mkono na kusema Jumatatu waje waandikiane. Nyumba imepona.

Wote walikuwa ndani wakishangilia. Nikamwambia binti nanyoosha miguu. Nikatoka. Kona mbili zile zilinichukua muda kuliko kilomita yoyote.

Nikakaa chini kando yake bila kuomba ruhusa.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza. Nyumba ipo."

"Hongera."

"Sikuja kukuchukua," nikasema, na ilikuwa kweli, sikuwa na hila yoyote. "Nimechoka tu. Nilikupita. Sikutaka kukupita."

Mvua inavuja katikati yetu. Baadaye akasema, "Haya, nenda ukalale."

Nikajaribu kuinuka. Miguu haikuja. Nikajaribu tena, paja likakaza kwa maumivu, nikapiga ukelele nikadondoka kwa ubavu.

"Unaigiza."

"Mdogo wangu, naapa siigizi."

Akaniangalia. Akashika kiatu changu, akakivua, maji na damu vikamwagika barazani alipofagia. Akashtuka. Akagusa vidole vyangu, kimoja kimoja, kwa mikono ile ya kazi. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana.

"Dada, wewe ni mjinga," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Wewe ni mjinga kabisa. Panda mgongoni."

"Una kifua."

"Panda!"

Alinibeba kona zote mbili. Alisimama mara nyingi kukohoa, ananishika kwa nguvu asiniangushe, kisha anaendelea. Mlangoni kelele zikakatika. Watu wakatupisha njia. Alipita katikati yao na mimi mgongoni bila kumtazama mtu, na wao hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wananitazama mimi.

Mama Bweni akavuta godoro mpaka koridoni. Mdogo wangu akanilaza, akanifunika, akamwambia binti achemshe maji, akamwambia Posta aache kusimama kama nguzo. Anaamrisha kila mtu, ndugu yangu huyu ambaye mwezi mzima hakusema na yeyote.

Binti akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, utamwacha?"

"Nimwache vipi, na hali hii? Usiku akihitaji kuinuka atainuliwa na nani?"

Akakaa sakafuni karibu na kichwa changu, ameegemea ukuta, anahema. Nilifumba macho nijifanye nimelala, nikiogopa hata kumeza mate. Alikohoa. Kisha nikamsikia anavua viatu.

"Mama Bweni," akasema, "kuna godoro lingine?"